Konfinema ya korona: ilitusaidia kitu Bukavu, au tulikula hasara bure?

Swali: Mimi ni mama wa soko la Kadutu. Kabla ya korona nilikuwa navuka mto Ruzizi kwenda Rwanda karibu kila siku kuleta bidhaa. Mwaka 2020 walifunga mpaka, wakafunga shule na makanisa, redio ikihesabu wagonjwa asubuhi na jioni. Mtaji wangu uliliwa wote. Maiti nyingi tulizotishiwa hatukuziona. Naomba mniambie kweli: ile konfinema, yaani kule kufungiwa, ilifanya kazi? Redio zilitudanganya? Na ugonjwa mwingine ukija, tutajuaje la kuamini?

Jibu: Mama, jambo. Konfinema hufanya kazi pale inapowahi, pale watu wanapoweza kukaa ndani kweli, na pale muda uliopatikana unapotumiwa kufanya kitu. Bukavu ya 2020 iliwahi, lakini ilikosa hayo mawili mengine. Kwa hiyo hesabu yako ni sahihi: wewe ulilipa bei kubwa, na faida haikuonekana. Ila sababu yake si ile inayosemwa barazani, kwamba ugonjwa haukuwapo. Ulikuwapo, na ulipita katikati yetu sana kuliko redio ilivyosema.

Kwanza neno lenyewe linatuchanganya. Wengi wetu tunasema "wakati wa konfinema" kana kwamba Bukavu ilifungwa kama Wuhan, China, ambako watu walizuiwa tangu tarehe 23 Januari hadi 8 Aprili 2020. Kongo haikufanya hivyo. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Rais Tshisekedi alifunga shule, makanisa na baa, akakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 ikaja hali ya dharura, mipaka ikafungwa, Kinshasa ikatengwa na majimbo. Kufungiwa ndani kwa maana kamili kulifika Gombe tu, komini ya Kinshasa yenye ofisi na mabalozi, kuanzia tarehe 6 Aprili. Lubumbashi nako gavana alifunga mji kwa saa 48 mwezi Machi ili abiria wa ndege iliyotoka Kinshasa watafutwe. Hali ya dharura ikaanza kufunguliwa tarehe 22 Julai kwa hatua tatu. Mpaka, shule, makanisa: hivyo ndivyo vilivyokuumiza. Lakini sokoni watu waliendelea kubanana, maana hawakuwa na namna nyingine.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu hauishi. Mtu mmoja mwenye korona ya mwanzo aliwaambukiza wengine kama 3, na kutoka mgonjwa hadi yule aliyemwambukiza zilipita siku kama 5. Katika siku 50 ni vizazi kumi. Ukizidisha kwa 3, tena kwa 3, hadi mara kumi, mgonjwa mmoja anakuwa mnyororo ambao kizazi chake cha mwisho ni watu 59,000. Ukipunguza kukutana kwa watu kwa nusu, yule mmoja anaambukiza 1.5, na baada ya siku zile zile kizazi cha mwisho ni watu 58 hivi. Ni tofauti kubwa mno kwa kupunguza nusu tu. Lakini angalia: 58 bado ni wengi kuliko 1. Ugonjwa unapanda polepole, haujakufa. Ili uanze kufa inabidi kukata zaidi ya theluthi mbili za kukutana. Na siku unayofungua, kama hakuna chanjo wala kinga mwilini, namba inarudi kwenye 3 kama vile hukufanya kitu. Konfinema ni breki. Ukisimamisha gari kwenye mteremko wa Kadutu usipotafuta jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu, mguu ukichoka gari linashuka.

Jiwe hilo New Zealand walikuwa nalo. Ni nchi ya visiwa, walifunga mipaka, wakafunga watu ndani kuanzia tarehe 25 Machi 2020, na tarehe 8 Juni wakatangaza hawana mgonjwa hata mmoja. Kisha wakaishi karibu kawaida huku wakisubiri chanjo. Jirani zetu wa Rwanda walifunga nchi nzima tangu tarehe 21 Machi hadi 4 Mei 2020, wakipeleka chakula kwenye nyumba za masikini, halafu Juni wakaurudisha mji wa Rusizi peke yake ndani huku sehemu kubwa ya nchi ikiwa imefunguliwa. Hiyo ya Rusizi, ng'ambo ya daraja lako, ndiyo mbinu ya akili zaidi: kufunga pale ugonjwa ulipo, kwa muda, baada ya kupima. Kufunga bila kupima ni kupiga risasi gizani.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo watu wa pande zote walilifanya. Mtu akiambukizwa leo, dalili hutokea baada ya siku kama 5, akapimwa baadaye, na kama atakufa ni baada ya wiki tatu hivi. Anayefunga Jumatatu na kuangalia vifo Jumapili anaangalia maambukizi ya wiki tatu zilizopita. Ndiyo maana kila gavana duniani alionekana ameshindwa wiki ya kwanza, na ameshinda wiki ya nne, hata yule ambaye wimbi lilishuka lenyewe.

Wataalamu wenyewe wamegombana juu ya hili. Utafiti mmoja maarufu wa Juni 2020 juu ya nchi 11 za Ulaya ulisema hatua zile ziliokoa watu kama milioni 3.1. Kasoro yake ni kwamba namna ulivyoundwa ulielekea kumpa sifa yule wa mwisho kufika: amri ya kukaa ndani ilikuja mwisho, ikabeba sifa za yote yaliyotangulia. Mwingine wa mwaka 2022 ulisema konfinema ilipunguza vifo kwa asilimia 0.2 tu, huo nao ulichagua tafiti kwa namna iliyolaumiwa sana. Naamini zaidi ule wa nchi 41 uliotenganisha hatua moja moja. Ulikuta kwamba kupunguza mikusanyiko hadi watu 10, na kufunga shule pamoja na vyuo vikuu, kila kimoja kilikata maambukizi kwa zaidi ya theluthi, lakini amri ya kubaki nyumbani ikiongezwa juu ya hayo iliongeza asilimia kama 13 tu. Baadaye, kwenye wimbi la pili, shule zilionekana kuwa na uzito mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Kwa maneno ya sokoni: sehemu kubwa ya dawa ilikuwa kwenye vidonge vya kwanza, na kile cha mwisho, ambacho ndicho kichungu kuliko vyote, kiliongeza kidogo.

Tena kuna jambo linalogusa moja kwa moja swali lako la redio. Marekani wachumi wawili walifuata nyendo za watu kwa simu zao, wakilinganisha wilaya jirani, moja yenye amri na nyingine isiyo nayo. Watu kuingia madukani kulishuka kwa asilimia 60. Katika hizo 60, amri ya serikali ilieleza 7 tu. Zilizobaki ni watu wenyewe kuogopa na kukaa, kwa sababu ya yale waliyosikia. Ina maana habari ilikuwa konfinema yenye nguvu kuliko polisi. Kwa hiyo ubora wa habari ulikuwa sehemu ya tiba, na ubovu wake ulikuwa sehemu ya ugonjwa.

Kwa nini basi breki haikushika kwetu? Chukua nyumba ya watu wanane, vyumba viwili, kwenye kilima ambako ukuta wako ni ukuta wa jirani. Mmoja akiugua, "kaa nyumbani" maana yake ni kaa naye. Maji ni ya bomba la wote. Chakula ni cha siku ile ile, hakuna friji wala akiba ya wiki. Mtu huyo ukimfungia siku mbili atatoka siku ya tatu, na atatoka kwa haraka, pamoja na wenzake wote.

Haraka hiyo ndiyo iliyoharibu mengi. Tuseme soko linapokea watu 12,000 kwa saa 12. Ukitawanya, ni watu 1,000 kila saa. Mkuu akisema "tunapunguza hatari, soko litafanya kazi saa 4 tu", watu hawapungui, kwa sababu njaa haikupungua. Sasa ni 3,000 kila saa, bega kwa bega. Amri imeongeza msongamano mara tatu na kuuita usalama. Dawa ilikuwa kinyume chake: kuongeza saa, kutoa meza nje ya majengo, kugawa wauzaji kwa zamu. Saa ya kutotoka nje iliyowekwa Desemba 2020, saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ilikuwa na mtego huo huo: ikikaribia, kila mtu anatafuta basi lile lile, madirisha yamefungwa.

Namna ya kutangaza nayo iliua au iliokoa. Tarehe 26 Machi 2020 gavana wa Kinshasa, Gentiny Ngobila, alitangaza kwamba mji mzima utafungwa kuanzia tarehe 28. Watu wakamiminika sokoni, bei zikaruka, na kesho yake ikabidi kuahirisha. Siku mbili za onyo zilitosha kukusanya umati na hazikutosha kupanga chakula. Italia walionja hilo kabla yetu: usiku wa tarehe 7 Machi andiko la amri ya kufunga jimbo la Lombardia lilivuja kwenye vyombo vya habari kabla ya kutiwa saini, na watu wa Milano wakakimbilia treni za kwenda kusini, kila mmoja na alichobeba. India walienda upande wa pili: waziri mkuu Narendra Modi alizungumza saa mbili usiku tarehe 24 Machi, nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.3 ikafungwa saa sita usiku ile ile, na vibarua wakatembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi vijijini. Muda wa onyo wa ajabu haupo. Kinachotakiwa ni chakula na usafiri viwe tayari kabla ya mdomo kufunguliwa mbele ya maikrofoni.

Sasa maiti. Ulitarajia kuziona kwa sababu ulionyeshwa malori ya jeshi yakibeba majeneza Bergamo, Italia, mwezi Machi. Picha ile ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa picha ya mji wa wazee. Italia watu wa miaka 65 na zaidi ni asilimia kama 23. Kongo ni kama 3, na karibu nusu yetu hatujafika miaka 17. Korona ya mwanzo, kabla ya chanjo, iliua kwa umri: katika walioambukizwa wakiwa na miaka 25, alikufa kama 1 kwa 10,000, miaka 55, wanne kwa 1,000, miaka 75, zaidi ya 40 kwa 1,000. Virusi vile vile, kwenye mji wa vijana, vinaacha makaburi machache. Kosa la vyombo vya habari hapo halikuwa uongo. Walichukua mwisho wa hadithi ya wengine wakautangaza kuwa mwanzo wa hadithi yetu.

Na kweli ulipita. Kati ya Julai na Agosti 2020 wahudumu 359 wa hospitali ya Panzi, hapa hapa Bukavu, walipimwa damu kuona kama wamewahi kuambukizwa: asilimia 41 walikuwa na alama yake. Wahudumu wa afya hawafanani na mji mzima, sawa, lakini hiyo ni baada ya miezi minne ya hali ya dharura. Kinshasa, Oktoba na Novemba mwaka ule, kipimo cha namna hiyo katika familia za kawaida kilikuta asilimia kama 17, yaani kwa kila mgonjwa aliyetangazwa kulikuwa na karibu 290 wasiotangazwa. Hesabu ya redio ilikuwa ya waliopimwa tu, na mwanzoni sampuli za nchi nzima zilikwenda maabara ya INRB, Kinshasa. Ushahidi mwingine huu hapa: Rwanda yenye watu kama milioni 13 na Kongo yenye kama milioni 100 zote mbili zilimaliza na vifo rasmi kati ya 1,400 na 1,500. Hakuna anayejua kuhesabu atakayeamini kwamba namba hizo mbili zinapima kitu kimoja. Babu aliyefariki nyumbani kwa "kifua" na kuzikwa kesho yake hakuingia popote.

Ndiyo maana ile hesabu ya asubuhi na jioni ilikuwa habari mbovu hata iliposomwa kwa uaminifu. Tuseme Jumatatu wamepimwa 50, wakakutwa 5. Jumanne wamepimwa 200, wakakutwa 12. Redio inasema "wagonjwa wameongezeka zaidi ya mara mbili" na mji unatetemeka. Lakini Jumatatu ilikuwa asilimia 10, Jumanne ni 6. Namba ya waliopimwa iwe pembeni ya namba ya waliokutwa, la sivyo usiisikilize kabisa.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni ndoo za kunawia mikono. Kivu na Ituri tulikuwa ndani ya Ebola tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Redio zilikuwa na matangazo tayari, mashirika yalikuwa na ndoo tayari, vipimajoto vya paji la uso tayari. Korona ilipokuja, wimbo ukabaki ule ule: nawa mikono, pimwa joto. Ebola huambukiza kwa damu, matapishi na kugusa maiti, tena mtu akiwa tayari anaumwa. Ndoo na kipimajoto vina kazi. Korona inakwenda kwa pumzi, hasa kwenye chumba kilichofungwa, na wengi wanaambukiza kabla ya homa au bila homa kabisa. Kipimajoto kiliwapitisha. Nao OMS, shirika la afya la dunia, tarehe 28 Machi 2020 waliandika kwa herufi kubwa kwamba korona haisambai kwa hewa. Walichukua zaidi ya mwaka kusema vingine. Matokeo yake: mtu ananawa mlangoni kwa utii, kisha anaingia kwenye chumba cha maombi cha watu 60, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, kashne (barakoa) iko kidevuni ikimsubiri polisi. Kufungua madirisha mawili yanayotazamana kungefanya kazi kuliko ndoo kumi, na hakuna aliyetangaza madirisha.

Kuhusu kuaminiana, tulianza na deni. Septemba 2018 huko Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, watu 961 waliulizwa: robo walisema Ebola haipo, na chini ya theluthi waliamini kwamba viongozi wa mahali wanawatakia mema. Korona ikaja juu ya jeraha hilo. Mgonjwa wa kwanza Kinshasa alitangazwa kuwa Mbelgiji, kisha ikasemwa ni Mkongo aliyetoka Ufaransa. Tarehe 1 Aprili 2020 daktari mmoja na mtafiti mmoja kwenye televisheni ya Ufaransa, LCI, walizungumza juu ya kujaribu chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, dhidi ya korona Afrika. Tarehe 3 profesa Muyembe, aliyeongoza vita dhidi ya korona nchini, akasema Kongo imekubali majaribio ya chanjo, simu zote zikawaka moto, ikabidi aeleze kwamba Wakongo hawatakuwa wa kwanza kujaribiwa. Maelezo hayo hayakukimbia kama ile video. Machi 2021 tulipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca, na nyingi, karibu milioni 1.3, zikaenda nchi nyingine kabla hazijaisha muda. Uvumi wa WhatsApp ulichangia, lakini chakula cha uvumi kilipikwa na maneno ya wakubwa yaliyogeuka geuka.

Na bei tuliyolipa haikuwa mtaji wako tu, ilikuwa pia magonjwa mengine kusahauliwa na shule kusimama. Surua iliyoanza 2019 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 nchini kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wadogo, na haikupata sauti iliyopewa korona. Watoto wengi walikaa nje ya darasa tangu Machi hadi mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa Oktoba.

Ugonjwa mwingine ukija, Mama, usianze na "ni kweli au uongo?" Anza na "unapitia wapi?" Jibu hilo ndilo linaloamua kama kufunga kuna maana. Kama unapita kwa pumzi: meza nje, madirisha wazi, kashne ndani ya basi na kanisani, wazee walale chumba chao, na ukisikia watapunguza saa za soko, kamati yenu ya soko iende kwa bwana meya na ile hesabu ya 12,000. Kama ni kwa kugusa ngozi, kama mpox, ule ugonjwa wa vipele ulioenea Kamituga, kufunga Ruzizi hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kutolala kitanda kimoja na mwenye vipele na kutochangia nguo zake. Kama ni kipindupindu, ndipo ndoo inaporudi kuwa mfalme: kijiko kimoja cha supu, gramu kama 15, cha klorini ya unga ya asilimia 70 kwa lita 20 za maji, kwa kunawa mikono tu, isinywewe, ichanganywe upya kila siku kwa sababu jua huila nguvu yake.

Kisha waulize wa redio wakati wa simu za wasikilizaji: wamepimwa wangapi? Wanaokufa wana umri gani? Mkifunga, ni namba ipi itakayofanya mfungue? Na wakati tumefungwa, nani analeta unga, siku gani, avenyu gani? Mkuu asiyeweza kujibu hilo la mwisho hajapanga konfinema bado, amepanga tangazo.